Chama cha Kumbukumbu cha Bonde la Pocumtuck

Chama cha Kumbukumbu cha Bonde la Pocumtuck, kinachojulikana zaidi kwa jina lake rasmi Pocumtuck Valley Memorial Association (kifupi: PVMA), ni chama cha historia cha mji mdogo wa Deerfield, katika jimbo la Massachusetts, Marekani. Kilianzishwa mwaka 1870 na George Sheldon pamoja na majirani zake. Tangu mwaka 1880 kinaendesha makumbusho yaitwayo Memorial Hall, ambayo ni kati ya makumbusho ya kwanza ya historia ya mahali nchini humo.

Deerfield ina wakazi karibu 5,000 tu. Hata hivyo chama chake hutajwa mara nyingi na wanahistoria, kwa sababu mbili zinazopingana. Upande mmoja, kinaonyesha jinsi watu wa kawaida wa mji mdogo wanavyoweza kuokoa nyaraka na vitu ambavyo serikali na vyuo vikuu havikujali. Upande wa pili, kinaonyesha jinsi watu haohao wanavyoweza kumfuta jirani katika historia ileile wanayoihifadhi.

Mji na shambulio la 1704

Deerfield iko katika bonde lenye rutuba karibu na mto Connecticut. Kabla ya kuja kwa Waingereza ilikuwa nchi ya Wapocumtuck, watu wa jamii ya lugha za Kialgonkini waliolima mahindi kandokando ya mto. Walowezi Waingereza walianza kukaa hapo miaka ya 1670. Mwaka 1675, wakati wa vita vya chifu Metacom (ambaye Waingereza walimwita Mfalme Philip), kijiji kilihamwa, na walowezi walirudi miaka ya 1680.

Tukio lililoupa mji jina lake katika vitabu vya shule lilitokea alfajiri ya tarehe 29 Februari 1704 kwa kalenda ya zamani ya Waingereza (11 Machi kwa kalenda ya sasa). Wakati huo Uingereza na Ufaransa zilikuwa vitani. Kikosi cha Wafaransa kutoka Kanada, wakiongozwa na Jean-Baptiste Hertel de Rouville, pamoja na wapiganaji Waabenaki, Wamohawk, Wawendat na wengineo, kilifika Deerfield kwa miguu katikati ya majira ya baridi. Theluji ilikuwa imerundikana kwenye boma la magogo hata washambuliaji wakaweza kupanda juu yake na kuingia ndani. Watu karibu 50 waliuawa na wengine 112 walichukuliwa mateka, wakatembezwa kilomita karibu 480 hadi Kanada. Kadiri ya nusu ya waliotekwa walirudi baadaye.

Kati ya mateka alikuwemo mchungaji wa mji, John Williams, pamoja na mke wake na watoto wao kadhaa. Mke aliuawa njiani. Mchungaji aliachiwa mwaka 1706 na mwaka uliofuata akachapisha kitabu kuhusu utekwa wake, kilichosomwa sana katika makoloni. Binti yake Eunice, aliyekuwa na umri wa miaka saba, hakurudi. Alilelewa na Wamohawk wa Kahnawake karibu na Montréal, akawa Mkatoliki, akasahau Kiingereza, akaolewa na Mmohawk aitwaye Arosen. Kuanzia mwaka 1740 alikuja mara kadhaa kuwatembelea ndugu zake, lakini kila mara alirudi nyumbani kwake Kahnawake, na huko alifariki mwaka 1785. Familia yake haikuacha kumbembeleza abaki, naye hakukubali.

Katika nyumba ya mchungaji huyo waliishi pia watumwa wawili Waafrika, Frank na Parthena. Wote wawili waliuawa, Parthena wakati wa shambulio na Frank njiani. Mengi zaidi ya hayo hayajulikani juu yao, kwa sababu aliyeandika kitabu alikuwa bwana wao.

Mlango

Chama hiki kina chanzo chake hasa katika mlango mmoja wa mbao.

Nyumba ya John Sheldon, iliyojengwa mwishoni mwa karne ya 17, ilikuwa imara kuliko nyingi za jirani. Mlango wake ulikuwa wa mbao nene zilizopigiliwa misumari mingi. Washambuliaji waliukatakata kwa shoka hadi wakatoboa tundu, na risasi iliyopigwa kupitia tundu hilo ikamwua Hannah, mke wa mwenye nyumba. Baada ya vita nyumba iliendelea kukaliwa kwa karibu miaka 150, na wasafiri walizoea kusimama kuitazama. Watu waliiita Nyumba ya Wahindi, ingawa hakuna Mhindi Mwekundu, kama walivyoitwa zamani, aliyewahi kukaa ndani yake.

Mwaka 1847 wenye nyumba walitaka kuibomoa ili wajenge mpya. Baadhi ya watu wa mji walijaribu kuchanga fedha ili inunuliwe na kuhamishwa. Jaribio hilo hutajwa kati ya majaribio ya kwanza ya raia wa Marekani kuokoa jengo kwa ajili ya historia yake tu. Lilishindwa, na mwaka 1848 nyumba ikabomolewa. Mlango ulibaki mikononi mwa wenyewe. Miaka ya 1860 uliuzwa kwa mkusanyaji mmoja wa Boston, na hapo ndipo wakazi waliposhtuka kwamba kitu pekee kilichobaki kimeondoka mjini. Walidai urudishwe, naye mnunuzi akakubali, na kabla ya muongo kwisha mlango ulikuwa umerudi Deerfield.

Lakini urudi uwekwe wapi? Mji haukuwa na mahali. Swali hilo dogo ndilo lililozaa chama. Nyumba ilipotea kwa sababu hapakuwa na chombo chenye uwezo wa kumiliki kitu kwa niaba ya wote, kukilinda na kukirithisha. Mtu mmoja mwenye mapenzi ya historia hufa, na watoto wake huuza. Chama kilichosajiliwa hakifi kwa namna hiyo. Kwa ajili hiyo PVMA kilianzishwa kisheria mwaka 1870.

George Sheldon na makumbusho

George Sheldon (1818–1916) alikuwa mkulima, mzao wa yule John Sheldon wa nyumba iliyobomolewa, na aliwahi kuwa mjumbe wa bunge la jimbo. Hakuwa na shahada ya historia. Wakati ule historia ya miji midogo iliandikwa karibu yote na watu kama yeye, yaani wachungaji, mawakili, walimu na wakulima wenye nafasi. Alipita nyumba kwa nyumba akiomba vitu vilivyotupwa darini: barua, madaftari ya maduka, vyombo vya jikoni, silaha, nguo, zana za shamba. Kila kilichotolewa kiliandikwa katika orodha pamoja na jina la mtoaji.

Shule ya Deerfield Academy ilipohamia jengo jipya, chama kilipata jengo lake la zamani la matofali, lililojengwa mwaka 1798 kwa mchoro wa msanifu Asher Benjamin. Makumbusho yalifunguliwa humo mwaka 1880, na mlango ukapewa mahali pa heshima. Jambo lililokuwa geni ni vyumba vilivyopangwa kama nyumba ya zamani, kikiwemo jiko lenye meko, masufuria na gurudumu la kusokotea. Katika zama ambapo makumbusho mengi yalipanga vitu ndani ya makabati ya kioo, kumwonyesha mgeni jiko lilivyotumika lilikuwa wazo jipya, na vyumba hivyo huhesabiwa kati ya vya kwanza vya aina yake katika makumbusho ya Marekani.

Sheldon alichapisha historia ya Deerfield katika juzuu mbili, mwaka 1895 na 1896, pamoja na nasaba za familia za mji. Inatumiwa na watafiti hadi leo, hata na wale wanaompinga. Mke wake wa pili, Jennie Maria Arms Sheldon, aliyekuwa mwalimu wa elimu ya viumbe, aliyasimamia makumbusho kwa miaka mingi baada yake.

Kazi ya chama haikuishia kukusanya vitu. Kila mwaka wanachama walikutana kusikiliza makala zilizoandikwa na wenzao, na makala hizo zilichapishwa katika juzuu za mwenendo wa chama. Walifanya pia mikutano ya nje, wakienda pamoja mahali palipotokea jambo fulani na kuweka jiwe la ukumbusho. Mwanachama aliyefanya kazi kubwa kuliko wengi ni C. Alice Baker, mwalimu, ambaye alisafiri hadi Kanada kupekua vitabu vya ubatizo na ndoa vya parokia akitafuta majina ya mateka wa Kiingereza yaliyogeuzwa kuwa ya Kifaransa. Matokeo yake aliyatoa katika kitabu mwaka 1897. Kwa upekuzi huo familia nyingi zilijua kwa mara ya kwanza kilichompata jamaa aliyepotea zaidi ya miaka 150 kabla. Baker pia alinunua na kukarabati nyumba ya kale ya Frary, mfano uliofuatwa na wengine kijijini.

Tarizi na picha

Mwishoni mwa karne ya 19 Deerfield ilikuwa imedorora. Viwanda vilikwenda kwenye miji mingine na vijana waliondoka. Mwaka 1896 wanawake wawili wasanii, Margaret Whiting na Ellen Miller, walianzisha kikundi cha kutarizi kilichojulikana kama Deerfield Society of Blue and White Needlework. Walianza kwa kuchunguza tarizi za karne ya 18 zilizohifadhiwa Memorial Hall, nyingine zikiwa zimechakaa karibu kupotea, wakanakili michoro yake na kuirudia kwa nyuzi za kitani zilizotiwa rangi ya nili. Wanawake wa kijijini walilipwa kwa kazi hiyo. Kila kitambaa kilichopita ukaguzi kilitiwa alama ya herufi D ndani ya gurudumu la kusokotea kitani. Kikundi kilidumu hadi mwaka 1926 na kikavuta ufundi mwingine kijijini, kama vile kusuka vikapu.

Wakati huohuo dada wawili, Frances na Mary Allen, walikuwa walimu hadi walipopoteza uwezo wa kusikia. Wakageukia kamera, wakapiga picha za mashamba, watoto, mafundi na nyumba za Deerfield ambazo zilinunuliwa na wageni na kuonyeshwa mbali. Mkusanyo mkubwa wa picha zao uko katika makumbusho ya chama.

Sehemu hii ya historia ya PVMA hupewa nafasi ndogo kuliko mlango na mashoka, jambo la kusikitisha, maana ndiyo inayoonyesha urithi ukitumika badala ya kutazamwa tu.

Mabamba ya marumaru

Ndani ya Memorial Hall, Sheldon na wenzake waliweka mabamba ya marumaru yenye majina ya waliouawa na waliotekwa mwaka 1704. Yalikuwa kama kaburi la pamoja, na kwa familia za mji yalikuwa na uzito wa kidini. Lakini maandishi yake yaliwaita wenyeji washenzi, na kuhusu Eunice Williams yalisema kwamba aliolewa na mshenzi naye akawa mmoja wao. Maisha ya mwanamke aliyezaa, aliyelea na aliyezeeka kati ya watu waliomkubali yaliandikwa kama anguko.

Kosa la pili lilikuwa kubwa zaidi, kwa kuwa halikuonekana kama tusi. Jina la chama ni la Wapocumtuck, na Sheldon alikusanya mawe ya mishale, vyungu na hata mifupa iliyofukuliwa, lakini aliandika kana kwamba wenyewe wametoweka kabisa duniani. Mtaalamu wa anthropolojia Margaret Bruchac, mwenye asili ya Kiabenaki, ameonyesha jinsi maandishi na maonyesho ya Sheldon yalivyojenga picha hiyo. Ukweli ni kwamba wengi wa wenyeji wa bonde walihamia kwa ndugu zao kaskazini na magharibi, na wazao wao wapo mpaka leo miongoni mwa Waabenaki na jamii nyingine.

Wala haikuwa siri. Mwaka 1837 kundi la Waabenaki kutoka Kanada lilifika Deerfield na kupiga kambi. Walijitambulisha kuwa wazao wa Eunice Williams, na walikuja kuona makaburi ya wazee wao. Watu wa mji waliwapokea, na mchungaji akahubiri juu ya ziara hiyo. Sheldon alikuwa kijana wa miaka 18 wakati huo. Zaidi ya miaka arobaini baadaye wajukuu wa mateka na wajukuu wa watekaji, ambao mara nyingine walikuwa ni watu walewale, walitenganishwa na marumaru.

Mabadiliko yalikuja polepole katika nusu ya pili ya karne ya 20. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1990 iliyalazimisha makumbusho yanayopokea fedha za serikali kuorodhesha mabaki ya miili na vitu vitakatifu vya wakazi asilia, na kuwarudishia wanaohusika. Kuhusu mabamba, chama hakikuyavunja. Baadhi yake yaliwekewa maelezo mapya juu, ili mgeni asome maneno ya leo na bado aweze kuyaona ya zamani chini yake. Wapo wanaoona njia hiyo ni ya woga. Wengine husema kwamba bamba lenyewe sasa ni hati ya mwaka lilipochongwa zaidi kuliko ya mwaka 1704, na hati haiharibiwi. Hoja ya pili ina nguvu kwa chama ambacho kazi yake ni kutunza, mradi maneno mapya yasiwekwe kwa herufi ndogo kuliko ya kale.

Mwaka 2004, miaka 300 baada ya shambulio, PVMA ilitoa tovuti inayosimulia tukio lilelile kutoka pande tano: Waingereza, Wafaransa, Wamohawk, Wawendat na Waabenaki pamoja na majirani zao. Wawakilishi na wataalamu wa jamii hizo walishirikishwa. Katika masimulizi hayo shambulio linaanza mapema zaidi, kwa ardhi iliyochukuliwa na kwa ushindani wa falme mbili za Ulaya, na mlango unabaki kuwa mlango: ushahidi wa kweli wa kifo cha mtu mmoja, usioeleza peke yake kwa nini wanaume wale walitembea wiki nyingi kwenye theluji.

Lucy Terry na watumwa wa Deerfield

Katika karne ya 18 watumwa Waafrika walikuwepo katika nyumba nyingi za barabara kuu ya Deerfield. Anayejulikana kuliko wote ni Lucy Terry, aliyetekwa Afrika akiwa mtoto na kuletwa New England. Mwaka 1746 alitunga shairi juu ya mapigano yaliyotokea pembeni mwa kijiji. Lilihifadhiwa kwa midomo ya watu na kuchapishwa mara ya kwanza mwaka 1855 tu, na huhesabiwa kuwa shairi la kale zaidi linalojulikana la mtunzi Mmarekani mwenye asili ya Afrika. Mwaka 1756 aliolewa na Abijah Prince, mtu huru; baadaye familia ilihamia Vermont, naye akafariki huko mwaka 1821.

Sheldon, pamoja na mapungufu yake kuhusu wenyeji, aliandika makala juu ya utumwa wa Deerfield mwaka 1893, wakati ambapo watu wengi wa kaskazini mwa Marekani walipenda kuamini kwamba utumwa ulikuwa dhambi ya kusini. Jambo hilo lilisahauliwa tena kwa muda mrefu. Lilifufuliwa hasa na Robert Romer, profesa mstaafu wa fizikia, aliyepekua vitabu vya hesabu vya wenye maduka na waganga na mirathi ya zamani akiorodhesha watumwa kwa majina, na mwaka 2009 akachapisha kitabu. Majina mengi yamo katika mstari mmoja tu wa daftari: mtu fulani amechukua jozi ya viatu kwa ajili ya mtumwa wake. Bila wakusanyaji wa karne ya 19 waliookoa madaftari hayo darini, mstari huo usingekuwepo. Siku hizi mawe madogo yenye majina ya watumwa yamewekwa mbele ya baadhi ya nyumba walimotumikia.

Hali ya sasa

PVMA haipaswi kuchanganywa na Historic Deerfield, taasisi nyingine iliyoanzishwa mwaka 1952 na Henry na Helen Flynt, ambayo inamiliki nyumba nyingi za makumbusho katika barabara hiyohiyo. Taasisi hizo mbili zina maktaba zao katika jengo moja, na msomaji anaweza kutumia nyaraka za zote mbili.

Chama kinaendelea kuendesha Memorial Hall pamoja na nakala ya Nyumba ya Wahindi iliyojengwa mwaka 1929, inayotumiwa kwa shughuli za watoto. Sehemu kubwa ya mkusanyo imepigwa picha na kuwekwa kwenye intaneti kwa matumizi ya walimu na wanafunzi. Mlango wa John Sheldon umo bado ndani ya makumbusho, tundu lake likiwa wazi katikati ya mbao.